Mkoba wa zambarau uliofika Maskati

Mama mmoja wa Tanga ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Tuko akina mama wanane, tunasuka mikoba, mikeka na kawa za ukindu. Mwezi uliopita mteja wa Maskati aliagiza mkoba wa zambarau. Ulipomfikia akasema sio aliouona, kwenye picha ulikuwa buluu. Nikamrudishia nusu ya pesa. Picha napiga usiku nikishamaliza kazi zangu, naweka mkoba kitandani chini ya taa. Mpwa wangu ametutengenezea tovuti, ila wateja wanalalamika inachelewa kufunguka na inakula bando. Nina laki moja na nusu. Ninunue kamera, au lile boksi lenye taa wanalouza mtandaoni, au nimlipe mpiga picha? Na je, na sisi wenyewe tujipige?"

Marahaba mama, na pole sana. Kurudisha pesa kwa kazi ambayo mikono yako haikuikosea ni jambo linalouma, na nimewaona mafundi wakiacha kabisa kuuza mbali kwa sababu ya tukio moja kama hilo.

Nianze na hiyo laki na nusu. Kamera usinunue. Simu ya kawaida iliyotoka miaka mitano au sita hii inatosha kabisa kupiga mkoba. Boksi la taa nalo liache: yale ya bei nafuu ni madogo, mkoba wako wa kwendea sokoni hauingii mpaka uukunje, na vitaa vilivyomo ndivyo vitakavyokurudisha kwenye tatizo la zambarau. Mpiga picha wa kulipwa atakufaa siku moja, lakini ninyi mnatoa kazi mpya kila wiki na hamwezi kumwita kila wiki. Ustadi huu ubaki ndani ya kikundi. Mchague mmoja au wawili wenye subira, wajifunze, wawe ndio wapigaji wenu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema hivyo mbele ya bidhaa inayoshikika. Mnunuzi akifika Soko la Mgandini akakuta mkoba wako, hakuulizi maswali mengi. Anaubonyeza ubavu, anaingiza mkono ndani, anavuta mishikio, anaugeuza kitako juu, kisha anasogea nao mlangoni kuutazama rangi. Nusu dakika tu, ameshajua anachotaka kujua. Mteja wa Maskati hana mkono huo. Kila picha utakayompigia, jiulize ni kitu gani mkono wake ungefanya hapo, picha imfanyie.

Na hilo la kusogea mlangoni ndilo ufunguo wa tatizo lako lote. Ukienda kununua kanga, mama, hukubali rangi unayoiona ndani ya duka chini ya taa. Unaitoa hadi kizingitini, unaitazama kwenye mwanga wa mchana, ndipo unasema "ndiyo" au "hapana". Umelijua hilo tangu ukiwa msichana. Mkoba wako nao ulistahili kupelekwa mlangoni kabla ya kupigwa picha.

Sababu yake ni hii. Mwanga una rangi, ila macho yetu hayatuambii. Balbu ya manjano ya sebuleni huwa na joto la rangi la Kelvini 2,700 hadi 3,000, yaani mwanga wake umeegemea manjano na wekundu. Mwanga wa mchana ni karibu Kelvini 5,500. Kivuli cha nje kinachopata mwanga kutoka anga tupu ya buluu, bila jua lenyewe, hufika 7,000 na kuzidi, na hapo kila kitu huvutwa kwenye ubuluu. Jicho hujirekebisha lenyewe, karatasi nyeupe tukaiona nyeupe kokote. Simu hukisia. Inatazama picha nzima, inatafuta kitu cha kuegemea, kisha inaamua. Ukiujaza uso wote wa picha kwa mkoba wa zambarau juu ya shuka la maua, simu haina pa kuegemea. Inafikiri mwanga ndio una zambarau, inaipunguza, na mkoba unabaki buluu.

Taa za LED za bei rahisi zinaongeza balaa. Nyingi kati yake zina upungufu wa mwanga mwekundu uliokolea, hata kama zinaonekana nyeupe pepe. Zambarau imejengwa kwa buluu na nyekundu. Nyekundu ikikosekana kwenye taa, haiwezi kurudi kutoka kwenye ukindu, kwa hiyo kinachorudi kwenye simu ni buluu. Damu ya mzee nayo hugeuka kahawia kwa sababu hiyo hiyo. Kuna kipimo cha ubora huu kinachoandikwa kwenye maboksi ya taa kwa herufi CRI, na kikomo chake ni 100. Ikikulazimu kupiga usiku, tafuta taa iliyoandikwa 90 au zaidi. Lakini nakusihi, hamia mchana. Mwanga wa mchana una rangi zote na haulipiwi.

Sasa mchana wenyewe. Jua kali la saa sita ni adui wa ukindu. Tanga iko nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita utosini kabisa. Miezi mingine nayo halilali sana. Mkoba ukiwa chini ya jua hilo, mdomo wake unang'aa mpaka chane, vile vipande vyembamba vya ukindu, zinapotea, na ubavu unaingia gizani. Hakuna programu itakayorudisha kilichopotea pale juu. Isitoshe jua linapausha rangi, na mkoba utakaokaa nje saa nzima ukisubiri picha utakuwa umeanza kuzeeka kabla ya kumfikia mteja.

Unachokitaka ni baraza. Kivuli kilicho wazi, chenye paa juu na uwazi mbele, mwanga ukiingia kutoka upande mmoja tu. Kama baraza lenu linatazama mashariki, piga alasiri, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja. Kama linatazama magharibi, piga asubuhi, saa mbili hadi saa nne. Siku za masika zenye wingu zito usiziogope. Wingu ni kama shuka jeupe lililotandikwa angani, linautawanya mwanga ukawa laini, na baadhi ya picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga za vitu vya kusuka nilizipiga kati ya manyunyu mawili ya mvua.

Halafu tazama kilicho karibu. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga kawa arobaini za kikundi kimoja kwenye ua uliopakwa rangi ya kijani. Kwenye kioo cha simu zilionekana safi. Nilipozifungua nyumbani, kila kawa ilikuwa na ukijani upande wa kulia, kama imeanza kuota kuvu. Ukuta ulikuwa umezirushia rangi yake. Ilibidi nirudi kuzipiga zote upya. Tangu siku hiyo kabla sijaweka bidhaa chini nageuka nikatazama: ukuta una rangi gani, sakafu je, kuna mgomba karibu, kuna turubai la buluu limetandazwa juu? Hata gauni lako. Ukivaa gauni jekundu ukasimama karibu na kawa ya rangi ya samli, kawa itakuwa na haya usoni. Vaa nguo nyeupe, ya kijivu au nyeusi siku ya kupiga picha.

Ngoja nikuoneshe kwa mkoba mmoja, huo huo wa zambarau.

Weka meza ndogo barazani, kiasi cha hatua moja ndani kutoka pale kivuli kinapoanzia. Chukua karatasi ya manila nyeupe, au ya kijivu hafifu ukiipata, ibandike ukutani juu kidogo ya meza kisha iache ishuke yenyewe na kulala juu ya meza. Usiikunje. Ule mpindo laini unaondoa kona, na mkoba utaonekana umekaa mahali patulivu pasipo na mstari wowote nyuma yake. Uwazi wa baraza uwe kushoto kwako, ili mwanga uingie kwa ubavuni. Sasa angalia mkoba. Upande wa kushoto unang'aa, wa kulia una giza. Simamisha manila ya pili upande wa kulia, imeegemezwa kwenye ndoo, na uisogeze taratibu kuelekea mkoba. Utaona giza likiondoka kama pazia linavyofunguliwa. Simama kabla halijaisha lote. Kivuli kidogo kibaki, kwa sababu hicho ndicho kinachoonesha kwamba chane moja imepita juu ya nyingine. Usukaji ni vilima na mabonde madogo, na mwanga unaotoka mbele moja kwa moja, kama wa flashi, unavifuta vyote. Ndiyo maana flashi nakuomba uizime na usiiwashe tena kwa kazi hii.

Ujaze mkoba kwa magazeti au matambara mpaka usimame kama umebeba vitu. Ng'oa nyuzi zilizochomoza na upige vumbi kwa brashi laini. Kazi hii ya dakika tatu watu huiruka, kisha wanakaa nusu saa wakifuta nyuzi kwenye simu.

Kabla ya picha ya kwanza weka kipande cha karatasi nyeupe kando ya mkoba, kwenye mwanga ule ule, upige. Hiyo ni picha yako ya kumbukumbu, haimwendei mteja. Baadaye kwenye programu ya kurekebisha picha, na nyingi za bure zina sehemu hii, utagusa karatasi hiyo na kuiambia programu "hii ni nyeupe", rangi nyingine zote zitajipanga. Mpangilio huo huo unauhamishia kwenye picha nyingine zote za kikao hicho. Kisha fanya jambo ambalo hakuna mashine itakayokufanyia: shika mkoba wenyewe mkononi, ukiwa barazani bado, weka simu kando yake, linganisha. Mwanga wa kioo cha simu uwe wa wastani, na ule mpangilio wa kupumzisha macho usiku unaokifanya kioo kuwa cha manjano uwe umezimwa. Zambarau ya kioo na zambarau ya mkono zikisemezana, umemaliza. Zisiposemezana, rekebisha hapo hapo, si usiku kitandani ukikumbuka.

Kwenye simu yenyewe mambo ni machache. Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba, maana simu inayokaa mfukoni na jikoni ina mafuta, na mafuta hayo yanaifanya picha nzima iwe na ukungu. Usiisogeze simu puani mwa mkoba. Lenzi pana ikisogea karibu hukifurisha kitu, mkoba unapata tumbo na kitako kinakuwa kidogo. Rudi nyuma hatua mbili, na kama simu ina lenzi ya pili ya kuvuta mara mbili, itumie hiyo. Gusa kioo pale unapotaka paonekane vizuri, ushikilie kidole mpaka pafungwe, kisha shusha mwanga kidogo kwa kuteleza kidole chini. Rangi nzito kama nyekundu na zambarau zinapenda kushushiwa kidogo, zikizidiwa mwanga hugeuka bapa na chane hazionekani. Mpangilio ule wa kutia ukungu nyuma usiutumie, unakula mishikio na ncha za ukindu. Simu ikae kwenye stendi, na uweke saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili au tatu ili kidole chako kisiitikise.

Hapo niseme neno kwa wasomaji wengine wenye bidhaa tofauti. Kamera hupenda kukifanya kila kitu kiwe cha wastani, kati ya nyeupe na nyeusi. Kwa hiyo kawa ya samli au mkeka usiotiwa rangi utatoka umefubaa mpaka uongeze mwanga kidogo kwenye simu, na kinyago cha mpingo kitatoka cha kijivu kama majivu mpaka uupunguze. Mpingo una mng'aro pia, na mng'aro ni kioo: unachokiona juu ya bega la kinyago ni dirisha lako au shati lako. Zungushia karatasi nyeupe ili kiakisi weupe. Jiwe la Kisii lililosuguliwa lina tabia hiyo hiyo. Shanga ndizo ngumu kuliko vyote, na nitaziandikia siku yake.

Turudi kwa mkoba na ule mkono wa mteja. Picha ya kwanza ni mkoba peke yake, mzima, umenyooka, usiokatwa mshikio. Hiyo ndiyo inayomsimamisha mtu. Ya pili nakuomba iwe na mwili wa mtu. Mtundikie mwenzako begani, au aushike mkononi akiwa amesimama. Swali linalorudisha bidhaa nyingi baada ya rangi ni ukubwa, na hapa watu wanakosea kwa kuweka sarafu au kiberiti kando. Mteja wa Ujerumani haijui sarafu yetu ya mia mbili ina upana gani. Bega la mtu mzima kila mmoja analijua. Kwa kawa hilo ni la lazima zaidi, kwa sababu ipo ya kufunikia sahani na ipo ya kufunikia sinia, na zikipigwa zikiwa peke yake zinafanana kama mapacha. Iwekwe juu ya chakula, na mkono ukiinyanyua. Vipimo vya sentimita viandikwe pia, kimo, upana na urefu wa mshikio, wala usiandike "saizi ya kati", maana kati yako si kati yake.

Ya tatu ni ndani. Fungua mdomo, elekeza kwenye mwanga, aone bitana, mfuko, zipu. Ya nne ni karibu kabisa, ukili, ule mkanda uliosukwa, ujaze picha, mwanga ukiwa wa ubavuni na wa chini. Hii usiiharakishe. Hapa ndipo mtu anaona kwamba ukili umesukwa kwa chane nyembamba zilizolingana, na kwamba mshono unaouunganisha ukili na ukili mwenzake umefichwa. Mkoba wa plastiki wa kiwandani unaweza kuigiza umbo la mkoba wako ukiwa mbali, lakini kwa karibu hivi hauwezi. Bei yako inaeleweka kwenye picha hii. Kisha kitako, na pale mshikio ulipofungiwa, kwa sababu ndipo mikoba inapokatikia na mnunuzi mzoefu anapajua.

Na kama kuna dosari, au kama chungu cha rangi cha safari hii kimetoka kimeiva zaidi ya kile cha mwezi jana, lipige picha na hilo na uliandike. Unapochemsha rangi unajua hakuna vyungu viwili vinavyotoka sawasawa. Mteja hajui. Ukimwambia mapema ataona ni alama ya mkono wa mtu, asipoambiwa ataona ni udanganyifu. Jina la rangi liandike pia kwa maneno ya kutosha: "zambarau iliyokolea, karibu na damu ya mzee" inamsaidia zaidi ya "zambarau", kwa sababu kioo cha simu yake nacho kina tabia zake na hapo huna mamlaka. Kwa oda kubwa ya mbali mpigie video fupi barazani, ukiuzungusha mkoba mkononi.

Kuna programu sasa zinazokata bidhaa kutoka nyuma yake na kuiweka ufukweni au kwenye sebule ya kifahari, na nyingine zinauchora mkoba upya ukawa laini kuliko ulivyo. Nina msimamo mkali juu ya hilo. Kukata nyuma kunang'ata kingo za ukindu, na jicho linahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama halijui ni nini. Kuuchora upya ni kuuza kitu ambacho hukukisuka. Yule wa Maskati alikasirishwa na picha iliyokosea bila kukusudia. Fikiria iliyokusudiwa.

Sasa tovuti, na hapa umwite mpwa wako msome pamoja. Simu nyingi hupiga picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, yenye uzito wa MB tatu hadi tano. Kama ukurasa wenu wa mbele una picha thelathini na zimepandishwa kama zilivyotoka, kila moja MB nne, mtu anayeufungua anabebeshwa MB 120 kabla hajaona chochote cha kununua. Ndilo bando wanalolalamikia, na wana haki. Kioo cha simu hakiwezi hata kuzionesha pikseli zote hizo.

Kila picha itengenezewe mbili. Ya kwanza ndogo, upana wa pikseli 600, ambayo kwa kawaida hushuka hadi KB 60 hivi. Hiyo ndiyo ikae kwenye ukurasa wa orodha, na picha thelathini zitakuwa kama MB 1.8 badala ya 120. Ya pili iwe na upande mrefu wa pikseli 1,600, isizidi KB 250, ifunguke pale tu mtu anapoichagua bidhaa. Hiyo inatosha hata kwa kuvuta na kuhesabu chane. Kwa JPEG, muundo wa kawaida wa kuhifadhi picha, ubora ukiwa 75 hadi 80 kwa 100 hutaona tofauti kwa macho, na WebP, muundo mwingine wa picha za tovuti, hupunguza uzito zaidi ya hapo. Squoosh ya Google ni ya bure, inafanya kazi ndani ya kivinjari bila kupakua kitu, na inakuonesha picha ya kabla na ya baada kando kwa kando. Mpwa wako aweke pia amri ya kuzichelewesha picha za chini zisipakiwe mpaka mtu ashuke kuzifikia, na aandike upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo, la sivyo ukurasa unarukaruka na mtu anabonyeza asichokusudia.

Kama mmoja wenu anatumia iPhone, picha zake hutoka katika muundo wa HEIC ambao sehemu nyingine haufunguki. Kwenye mipangilio ya kamera achague ule unaokubalika kote, zitatoka JPEG. Wakati wa kuzihifadhi kwa tovuti zigeuzwe kuwa za wigo wa rangi wa sRGB, ule wa kawaida wa mtandaoni. Picha isiyo na wigo huo inaweza kupauka au kukolea kupita kiasi kwenye kivinjari cha mtu mwingine, na tutakuwa tumerudi kwenye kesi ya zambarau.

Mkitumiana picha kikundini kwa WhatsApp kutoka kwa mpigaji kwenda kwa mpwa, zitumwe kama dokumenti. Zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa, na kuzibana mara ya pili kwa ajili ya tovuti ni kama kuchuja chai iliyokwisha chujwa. Ila jihadharini: picha iliyotumwa kama dokumenti hubaki na kila kilichoandikwa ndani yake, pamoja na mahali ilipopigiwa kama simu ilikuwa inarekodi. Mnafanyia kazi majumbani, na wengine wenu mna watoto wadogo. Zimeni kwenye kamera kile kipengele cha kuhifadhi mahali, leo.

Faili zipewe majina. "mkoba-ukindu-zambarau-tanga.jpg" ni jina, "IMG_4032" halimwambii mtu kitu, wala halimwambii Google. Na kila picha iwe na maelezo yake ya maandishi yaliyofichwa, yale yanayosomwa kwa sauti na simu ya mtu asiyeona: "Mkoba wa ukindu wa zambarau wenye mistari ya samli, mishikio ya ngozi, kimo sm 32." Sentensi moja ya namna hiyo. Nimewahi kuzungumza na mnunuzi asiyeona aliyeniambia anapita maduka mengi ya mtandaoni akisikia "picha, picha, picha" tu, na anaondoka na pesa zake.

Majina makubwa ya kuzuia wizi yanayopita katikati ya picha yaondoeni. Mwizi anajua kuyafuta, na mteja ndiye anayezuiwa kuona. Kwa Instagram kateni picha ya wima ya pikseli 1,080 kwa 1,350, ichukue nafasi zaidi ya kioo, na mkoba uwe katikati ili hata ukurasa wenu ukiikata usipoteze mshikio.

Nyuso. Uliniuliza mwishoni kama mjipige na ninyi. Naam, mikono hasa. Picha ya mikono yako ikisuka ukili, chane zikining'inia, ina nguvu kuliko ukurasa mzima wa maelezo. Lakini kila mama aulizwe, aoneshwe picha yake kabla haijapanda, na mwenye kusema hapana asishawishiwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, kuna mume na jirani na mtoto shuleni watakaoiona picha hiyo kabla yako. Ridhaa iandikwe, mistari miwili na sahihi. Watoto waacheni nje ya picha za biashara.

Kwa hiyo laki na nusu yako: nunua manila nne, mbili nyeupe, moja ya kijivu, moja nyeusi ya kuweka nyuma ya vitu vya samli. Stendi ya simu isiyoyumba, brashi laini, futi kamba ya vipimo. Nusu ya pesa itabaki, na ningekuwa wewe ningemrudia mteja wa Maskati kwa sehemu yake. Mpigie mkoba mwingine wa zambarau barazani saa kumi alasiri, kando yake karatasi nyeupe, umtumie na video ya kuuzungusha, umweleze kilichotokea kwa ukweli kama ulivyoniandikia mimi.

Kabla ya kumtumia, zinitumie mimi kwanza, ile yenye karatasi na ile isiyo nayo, kama dokumenti. Nitakuambia kama zambarau imekaa.